Nilivyolalisha Mbuyi Mbele ya Komite

Leo nimepata haya. Haya ya watu arobaini mara moja, padri akiwa mbele kabisa, na sauti ya mama mukwe wangu ikitoka kwenye simu iliyofunguliwa ili wote wasikie. Naandika habari hii mi mwenyewe, leo leo, kabla hamjaipata kwa watu wa mtaa wa Kapata ambao wataitia chumvi.

Kwanza muelewe jambo moja. Kazi yangu ilikuwa nzuri. Hata sasa nasema bila kupepesa macho: kutoka Kolwezi mpaka Kasaji hakuna mtu anayeweza kuweka serveri ya pili ya majina vizuri kuliko mi. (Kama yuko, ajitokeze. Nangoja.) Kilichoniangusha leo si mashine.

Kwa wale wasionijua, mi nafundisha informatique, mambo ya kompyuta, kwenye shule moja hapa Kolwezi. Wananiita Tata Ilunga (tata kwetu ni baba). Miaka miwili sasa nachunga réseau yetu, mtandao wa kujitolea: antena moja juu ya paa la shule, moja kwenye dispensaire (zahanati), moja Kapata. Maktaba yetu ya masomo ni mashine iliyoko dispensaire, inatumia sola, na wanafunzi wanaifungua kwenye simu bila kununua mega hata moja.

Sasa, kila jina la intaneti lina mkia wake, na mikia ya dunia inagawiwa na wakubwa wa huko mbali. Sisi hatukuwaomba. Tulijitengenezea wetu: .kwetu. Maktaba inaitwa maktaba.kwetu, kwaya inaitwa kwaya.kwetu. Ukiandika jina hilo ukiwa Lubumbashi utaambiwa hakuna kitu kama hicho, lakini kwenye réseau yetu kuna mashine inayojua kila jina linakaa wapi. Ni kama yule mama anayeuza mikate kwenye kona ya mtaa. Ukitafuta nyumba ya mtu, unamuuliza yeye, anakuelekeza. Mashine hiyo njo serveri ya majina, na yetu iko shuleni.

Lakini siku mama wa mikate anaugua, mtaa mzima unapotea. Courant ikikatika shuleni (na mnaujua umeme wa kwetu), majina yote yanakufa, hata kama maktaba yenyewe iko hai kule dispensaire. Kwa hiyo inatakiwa serveri ya pili, mahali pengine, iliyonakili majina yote ya ile ya kwanza na inayojibu wakati ya kwanza imenyamaza. Kila mtu anayeijua kazi hii anajua hivyo.

Na mahali penye umeme usiokatika ni wapi? Kapata, kwa mama mukwe wangu. Anakaa bado kwenye nyumba ya kampuni ya migodi aliyoachiwa na marehemu mume wake, na watoto wake walimwekea sola na batri kubwa. Batri hiyo iko chumbani kwake, karibu na kitanda.

Alikataa. Hakuniambia mi, alimwambia mke wangu Kapinga. "Mashine ya batu mu chumba yangu? Inawaka macho, inapumua, mi nitalala namna gani?"

Hapo lazima niwaeleze. Mi na mama mukwe hatuongei ovyo ovyo. Kwetu ukwe una heshima yake. Sili naye meza moja, simpigii simu kwa mambo madogo, na chumbani kwake siingii hata nyumba ikiungua. Maneno yangu yanapita kwa Kapinga, ya kwake yanapita kwa Kapinga, na Kapinga akikasirika na mi basi hakuna mawasiliano Kapata nzima.

Nikatumia akili. Mama mukwe ni mtu wa asili ya mkoa wa Kasai na alizaa mapacha. Kwao mama wa mapacha anaitwa Mambuyi, na huyu ameitwa hivyo mpaka watu wamesahau jina lake lingine. Mapacha wenyewe majina yao yanajulikana tangu zamani: wa kwanza ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga. Mi natoka upande wa kaskazini, tuna majina yetu mengine, lakini siku ile nilimwambia Kapinga: "Mwambie mama kwamba mashine hii haiko peke yake. Iko na ndugu yake shuleni, walizaliwa siku moja. Ule wa shule anaitwa Mbuyi. Huyu ni Kabanga."

Kapinga akapeleka maneno. Mama akasema: "Kabanga? Mumulete. Nitamuchunga."

Nilijiona mjanja kupita kiasi. Serveri ya pili niliiweka nikiwa uani kwenye kiti cha plastiki, napaza sauti kupitia dirisha, na Kapinga ndani akichomeka nyaya. ("Ile ya bluu." "Zote ni za bluu." "Ile ya bluu ndefu.") Jaribuni ninyi kuweka serveri kwa namna hiyo. Mi niliweka, na mara ya kwanza tu Kabanga akanakili majina yote ya Mbuyi, hata moja halikukosekana.

Mama mukwe alishika neno lake. Alimshonea Kabanga kitambaa cha uzi cheupe cha kumfunika, na wiki ile ile akamtumia Mbuyi kingine cha namna ile ile, kwa sababu mapacha hawavalishwi tofauti. Akampaka Kabanga udongo mweupe kidogo kwenye kifuniko, baraka ya mapacha kwao, akafunga na wa Mbuyi kwenye karatasi. Kila Jumapili baada ya misa alimuuliza Kapinga: "Mbuyi alikula?" Maana yake, shuleni courant iko? Nilicheka sana. Nilisimulia wenzangu kwenye chumba cha walimu, wakacheka nao. Pale njo ningepaswa kufikiri, na sikufikiri.

Basi tuje leo.

Leo ilikuwa réunion ya komite nzima, kwenye salle, ukumbi wa shule. Mambo yalikuwa mawili. La kwanza, shule ya Kasaji kuingia kwenye réseau yetu. La pili, kuchagua responsable (msimamizi) wa majina kwa réseau yote, kutoka Kolwezi mpaka Kasaji. Na candidat alikuwa mmoja tu: mi. (Mtasema, mtu anashindwaje uchaguzi akiwa peke yake? Ngojeni.)

Nilikuwa naitaka hiyo kazi, sifichi. Miaka miwili nimepanda mapaa kwenye jua, nimeumwa na nyigu mara tatu, na kwenye kila réunion wananiita "ule tata wa nyaya". Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu padri asome kwenye karatasi: responsable, Tata Ilunga. Shati nilipiga pasi mwenyewe.

Directrice, mwalimu mkuu wa shule ya Kasaji, alifika na moto (pikipiki), vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Mama mmoja mtulivu, haongei sana. Tangu mwezi uliopita alikuwa ameniambia kwenye simu: "Tata, kwetu walituletea mashine nyingi na zote zilikufa. Siku courant inakatika Kolwezi, bwalimu wangu watafungua maktaba namna gani?" Nikamjibu: "Mama, kuja tu. Nitazima Mbuyi mbele ya macho yako, na utaona majina yanaendelea."

Asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, nilifanya jambo la heshima. Mbuyi akizimwa, Kabanga anapokea maswali yote peke yake na taa yake inawaka-waka kwa haraka. Sikutaka mama mukwe ashtuke. Nikamwambia Kapinga: "Mtumie mama neno. Mwambie saa nne tunalalisha Mbuyi kidogo, nusu saa tu. Asiwe na wasiwasi." Kapinga akatuma sauti. Jibu likarudi mara moja: "Saa ine. Sawa, nimesikia." Nikamwambia Kapinga kwamba sijaona mama mukwe mwelewa kama huyu, na akafurahi.

Saa nne kamili. Mbuyi yuko mezani mbele ya salle, na kitambaa chake cheupe. Padri, ambaye ni président wa komite, ananipa neno. Nikasimama, nikaeleza habari ya mama wa mikate, watu wakaelewa, wakacheka pale pa kucheka. Nikasema: "Bamama na batata, sasa naangusha serveri ya kwanza." Nikashika plagi kwa vidole viwili tu, kama mtu anayetoa mwiba, nikachomoa. Taa za Mbuyi zikazimika.

Nikageukia ordinateur yangu, kompyuta iliyokuwa inaonyesha picha yake kwenye ukuta mkubwa. Nikaandika maktaba.kwetu. Ikafunguka.

Salle ikapiga makofi. Nikainama kidogo. Halafu nikasema neno ambalo nalijutia mpaka sasa: "Mashine zangu mi, hata mi nikifa zitaendelea."

(Ukweli ninaujua sasa. Ordinateur yangu ilikuwa bado inakumbuka jibu la asubuhi. Haikumuuliza mtu yeyote. Kosa hilo nalikubali, ni dogo.)

Directrice wa Kasaji hakupiga makofi. Akatoa simu yake, akajiunga na réseau papo hapo. "Bon, tata. Ngoja na mi nijaribu ku simu yangu."

Akaandika. Akangoja. Akaigeuza simu nione.

"Inasema hakuna."

"Mama, labda umeandika vibaya kidogo."

Akaandika tena, herufi moja moja, akizisoma kwa sauti. Alikuwa ameandika vizuri. Padri akatoa simu yake, akajaribu. Hakuna. Infirmier, muuguzi wa dispensaire, akajaribu. Hakuna. Dakika moja baadaye salle nzima imeinamia simu, na neno ni lile lile kwa kila mtu: hakuna, hakuna, hakuna.

Mi sikutetemeka. Nilisema tatizo ni simu ya mama, ni ya zamani. Akaniambia ni mpya. Nikasema basi ni upepo, umesogeza antena ya Kapata. Watu wakatazama dirishani. Hata jani moja halikutikisika. Nikasema (na hapa naomba msinisome kwa sauti) kwamba inawezekana vumbi lililokuja na moto kutoka Kasaji linasumbua mawimbi.

Mama akajitazama nguo. "Vumbi yangu mi? Imefika mpaka Kapata?"

Watu wakacheka, na nilijua wananicheka mi.

Infirmier akasema kwa upole: "Tata Ilunga, si mupige simu ku Kapata muulize?" Neno zuri, lakini kule nyumbani yuko mama mukwe peke yake, na mi simpigii. Kapinga alikuwa amekaa mstari wa pili. Nikamfanyia ishara. Akapiga, akainuka atoke nje ili aongee pembeni, na padri akasema: "Hapana, mama, weka haut-parleur, tusikie wote. Komite haina siri."

Simu ikapokelewa mara moja.

"Mama, ni mi Kapinga. Kabanga iko namna gani?"

"Kabanga analala."

"Analala namna gani?"

"Si muliniambia saa ine Mbuyi analala? Saa ine ilifika, nikamulalisha na Kabanga. Nilichomoa ile kamba ya batri pole pole, nikamufunika na kitambaa yake. Iko muzuri, usiogope."

Na mi, badala ya kunyamaza, damu ikanipanda kichwani. Nikaisogelea simu, nikapaza sauti: "Mama, kazi ya Kabanga ni kukesha wakati Mbuyi analala. Njo sababu tulimuweka pale!"

Nilisikia maneno yangu yakizunguka salle. Mkwe anamfokea mama mukwe. Kwenye haut-parleur. Mbele ya padri. Padri akaanza kutazama dari, na Kapinga alinitazama kwa namna ambayo nitailipia mwezi mzima.

"Ule ni nani anaongea?" sauti ikauliza kutoka Kapata.

"Ni... ni bwana yangu, mama."

"Ah. Umwambie mi nilizaa mapacha. Nilibalea mpaka bakakuwa bakubwa. Unamulalisha mumoja, mwingine unamuacha macho, anaangalia ndugu yake amelala, hajue kama ataamuka? Huyo atagonjwa. Na akigonjwa, na mwenzake anagonjwa. Mutu hafanyie batoto namna ile."

Kutoka nyuma ya salle tata mmoja mzee wa asili ya Kasai akasema: "Ni kweli." Mama mwingine akasema: "Mama iko na haki." Vichwa vikaanza kutikisika kwa kukubali, mstari kwa mstari. Directrice wa Kasaji, ambaye si mtu wa Kasai, akamwinamia jirani yake amweleze. Jirani akamweleza. Na yeye akatikisa kichwa. Mi peke yangu kwenye salle nzima nilikuwa upande wa serveri.

Nikashusha pumzi. Sasa kwa njia ya adabu, kupitia Kapinga, nikaomba: mama amwamshe Kabanga.

"Namuamusha," mama akasema. "Lakini Mbuyi anaamuka naye pamoja. Mi siamushe mumoja."

Nikamnong'oneza Kapinga. Nikamweleza kwamba Mbuyi akiwaka, jaribio limekufa, hatutakuwa tumeonyesha kitu, maana sababu ya kukusanyika hapa ni Mbuyi kuwa amezimwa. Kapinga alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe mwenyewe njo ulisema ni mapacha," akasema.

"Anasema nini?" simu ikauliza.

Padri akaweka mikono miwili juu ya meza. "Tata Ilunga," akasema, "mama ameshaongea."

Basi mnione. Mi, mtu mwenye diploma, nimechuchumaa mbele ya komite, plagi ya Mbuyi mkononi, nangoja. Kule Kapata mama mukwe ameshika kamba ya batri, anangoja. Na padri kati yetu, mdomo karibu na simu, anahesabu: "Moja. Mbili. Tatu."

Nikachomeka. Akachomeka. Tukakaa dakika nzima tukitazama taa. Halafu simu za watu zikaanza kufungua maktaba, moja baada ya nyingine, na salle ikapiga makofi makubwa kuliko yale yangu ya mwanzo. Mama mmoja akapiga vigelegele. Hakuna kitu chochote kilichoonyeshwa. Serveri ya kwanza inafanya kazi wakati serveri ya kwanza inafanya kazi, hilo njo tulilothibitisha watu arobaini.

Nikamwona directrice wa Kasaji amesimama. Nikajua yamekwisha, anataka kuvaa kofia yake ya pikipiki arudi.

"Mi sijue sana hizi mashine," akasema. "Nilimwambia tata zile za kwetu zilikufa zote. Unajua zilikufa sababu gani? Tulizifungia mu bureau, hakuna mutu wa kuziangalia. Leo nimesikia mama mumoja analala na mashine chumba moja, anaifunika, anajua saa yake ya kulala, na ukimupigia simu anapokea mara moja. Mutu kama huyo njo nilikuwa natafuta. Kasaji tutaingia." Akanigeukia, akanitazama kwa huruma. "Lakini responsable akuwe ule mama."

Padri akauliza kama komite inaona kuna candidat wawili sasa. Komite ikaona. Akauliza nani anamtaka Mambuyi. Mikono ikapanda. Akauliza nani anamtaka Tata Ilunga. Ukapanda mmoja, na huo mmoja ulikuwa wa kwangu. Kapinga mkono wake alikuwa ameshaupandisha kwa mama yake, tena ule ule niliouvalisha pete.

Mama mukwe aliambiwa kwenye simu. Akashukuru komite, akashukuru padri. Akauliza kama kazi hiyo inamlazimu kupanda mapaa. Padri akamwambia hapana, kwa mapaa kuko ule tata wa nyaya.

Nimerudi nyumbani. Nimefungua ordinateur, nimekagua kila kitu kutoka juu mpaka chini. Sikukosea hata nukta moja. Majina yalinakiliwa yote, Kabanga alikuwa tayari kujibu, na kama angeachwa macho angejibu Kasaji, angejibu dispensaire, angejibu hata kuzimu. Hilo naomba liandikwe mahali.

Sasa kuna kazi. Majina ya Kasaji lazima yaingie, na ili yaingie vizuri nataka kuzima na kuwasha Kabanga kesho, sekunde kumi tu. Nimeomba ruhusa kwa responsable, kupitia kwa Kapinga. Kapinga amepeleka. Jibu limerudi: kesho hapana, watoto wamechoka na mambo ya leo. Jumanne labda, kama yule bwana ataongea na adabu.

Kwa hiyo ninyi mnaotaka kucheka, chekeni kwa sauti ya chini. Baadhi yenu ni watu wa Kapata, kuta za zile nyumba ni nyembamba, na mi Jumanne naitaka.